Barua kwa dada yangu, kabla ya kikao cha kiwanja

Dada, shikamoo.

Najua huna hamu na filamu za makauboi. Kwako ni bunduki na vumbi, basi. Lakini hii ninayokuandikia, Junior Bonner ya mwaka 1972, hauawi mtu hata mmoja. Ni habari ya familia ya mji wa Prescott, Arizona: mume na mke waliotengana, watoto wao wawili wa kiume, na ardhi ya baba iliyokwisha kuingia mikononi mwa mmoja wa hao watoto. Nimeamua kuiandika hadharani kwa sababu naamini si sisi peke yetu wenye kikao cha aina hiyo, cha kuamua kama kiwanja cha baba kiuzwe.

Junior, anayeigizwa na Steve McQueen, amewahi kuwa bingwa wa kupanda mafahali. Tunapokutana naye ametoka kuangushwa na fahali aitwaye Sunshine, na anajizungushia bendeji mbavuni, taratibu, peke yake. Hakuna anayemwambia kwamba umri umekwenda. Mwongozaji Sam Peckinpah, ambaye sifa yake ni filamu za damu, hapa ametulia na kuziachia mbavu hizo ziseme.

Ili usipotee kwenye rodeo yenyewe, yaani mashindano ya makauboi: mpandaji hushika kamba kwa mkono mmoja na kukaa juu ya fahali kwa sekunde 8. Mkono wa pili ukimgusa mnyama, umetoka. Waamuzi hutoa alama nusu kwa mpandaji na nusu kwa fahali, kwa hiyo fahali mpole hakupi ushindi hata ukimkalia vizuri namna gani. Ndiyo maana Junior anamwendea Buck, mwenye mafahali, kumwomba apangiwe Sunshine yuleyule, na yuko tayari kumgawia fedha za ushindi. Buck anaigizwa na Ben Johnson, ambaye katika maisha yake halisi alikuwa bingwa wa dunia wa rodeo mwaka 1953, kwenye mchezo wa watu wawili kumnasa ng'ombe kwa kamba. Na watu unaowaona uwanjani wengi ni wenyeji wa Prescott, maana walipiga picha katikati ya rodeo yao halisi, inayofanyika tangu 1888.

Sasa njoo kwenye nyumba. Junior anafika kwa baba yake, Ace, anakuta makatapila yanaparua ardhi, na nyumba aliyokulia inabomolewa. Mwenye mradi ni Curly, mdogo wake, anayeuza nyumba za kuhamishika. Mama naye anatakiwa aache nyumba yake ahamie huko.

Hapa ndipo ninapotaka uangalie kwa makini, dada. Curly si mtu mbaya. Anahangaikia familia, na hata anamwekea kaka yake nafasi ya kazi. Lakini anazungumza na wazazi wake kama mtu anayewasomea taarifa. Wakiwa nyumbani, Junior anamtwanga ngumi, Curly anapitiliza dirishani. Ngumi siiungi mkono. Ila nimekaa mezani na watu wa namna ya Curly, na najua jinsi maneno yanavyomkauka mtu kooni.

Ace mwenyewe, anayeigizwa na Robert Preston, ni mzee wa vituko na ahadi nyingi. Ndoto yake ni kwenda Australia kuchimba dhahabu. Baba na mwana wanakaa kituo cha treni, mzee anaomba nauli, Junior anasema hana kitu. Mzee anaipiga kofia ya mwanawe ikadondoka. Aibu ya wote wawili iko pale chini, na hakuna anayeitaja. Mama, Elvira, anaigizwa na Ida Lupino, mmoja wa wanawake wachache sana walioongoza filamu Hollywood miaka ya 1950. Mtazame yeye anapokutana na Ace baani: kofi kwanza, na baada ya kofi, mapenzi ya miaka mingi. Kwa uso tu anakueleza ndoa nzima.

Mwisho nakusimulia, hauharibu kitu. Junior anamkalia Sunshine hadi sekunde zinatimia. Anachukua fedha zake, anaenda kwa wakala wa safari na kumkatia baba yake tiketi ya daraja la kwanza, kwenda Australia, bila kurudi. Wapo watakaosema ni upumbavu kumpa mzee wa namna ile nauli ya kufuata dhahabu. Mimi naona ni mtoto pekee aliyemsikia baba yake.

Baba yetu amekwisha kusema anataka abaki pale palipo na miembe yake. Amesema mbele yako na mbele yangu. Itazame filamu hii wiki hii, kisha unipigie. Naomba siku ya kikao mzee aanze kuzungumza yeye, amalize, ndipo kaka atoe karatasi za mnunuzi.