Barua ya Wazi kwa Jaji Mkuu wa Tanzania: Nyimbo Mbili Zinapofanana

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Ninakuandikia kwa heshima, nikiwa mwalimu wa kwaya na mtayarishaji wa muziki, kuomba Mahakama itoe mwongozo wa namna ya kupima madai kwamba wimbo mmoja umenakiliwa kutoka kwa mwingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, lakini haimwelezi hakimu asikilize nini hasa anapochezewa nyimbo mbili mahakamani. Kesi iliyovuma sana nchini, ambayo Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliwapa Mwana FA na AY fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 2 mwaka 2016, haikuhitaji kipimo hicho, kwa kuwa ilihusu nyimbo zao zenyewe kutumika kama miito ya simu bila idhini. Kufanana ni jambo jingine, na hukumu za nje, ingawa haziwafungi majaji wetu, zinaonyesha njia nzuri na njia mbovu.

Njia nzuri naiona New York, mwaka 1976, mahakama ilipoamua kwamba George Harrison, katika “My Sweet Lord”, alikuwa amenakili “He's So Fine”, wimbo uliovuma mwaka 1963 ukiimbwa na kundi la Chiffons. Jaji Richard Owen, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa muziki, hakutosheka na kusema kwamba nyimbo hizo zinafanana masikioni, alizifumua. Alionyesha kwamba wimbo wa awali una kipande kifupi cha noti so-mi-re kinachorudiwa mara nne, kikifuatwa na cha so-la-do-la-do kinachorudiwa pia mara nne, na kwamba mzunguko wa pili wa kipande hicho umechomekewa noti ya pambo, kikawa so-la-do-la-re-do. Alikubali kwamba vipande hivyo, kimoja kimoja, havina jipya. Upekee ulikuwa katika mfuatano wao, na mfuatano huo ulionekana karibu wote kwa Harrison, pamoja na noti ile ya pambo. Mwanakwaya yeyote wetu aliyezoea noti za d-r-m (do, re, mi) angeweza kuifuata hukumu hiyo hatua kwa hatua, akaikubali au akaipinga kwa hoja. Jaji hakumwona Harrison kuwa alikusudia, lakini aliamua kwamba kunakili bila kujitambua bado ni kunakili, jambo ambalo kwa maoni yangu ni kali mno, ingawa uchambuzi wenyewe sina la kuusahihisha.

Njia mbovu ni ya Los Angeles, mwaka 2015, ambako jopo la raia liliona kwamba “Blurred Lines” ya Robin Thicke na Pharrell Williams imekiuka hakimiliki ya “Got to Give It Up” ya Marvin Gaye. Fidia ya dola milioni 7.4 hivi ilipunguzwa hadi takriban milioni 5.3, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikaiacha hukumu isimame kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Jaji Jacqueline Nguyen, aliyepinga, alieleza kwamba nyimbo hizo zinatofautiana katika melodi, mpangilio wa sauti na mdundo, na kwamba wenzake wameruhusu mtindo wa muziki kumilikiwa na mtu.

Kwetu jambo hilo lingeleta balaa. Chakacha, mduara na singeli hutambulika kwa mdundo kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Ikiwa hakimu atasikiliza mahadhi ya jumla tu na kuamua kwa jinsi yalivyomwingia, atampa mmoja kilicho cha wote, na vijana wa Manzese na Tandale watadaiwa kwa kupiga muziki wa mitaa yao wenyewe.

Tena kuna biti, yaani ala za wimbo zilizokwisha rekodiwa, zikisubiri mwimbaji. Msanii wa leo mara nyingi hununua biti mtandaoni, na biti hiyo hiyo huuzwa kwa watu wengine wengi. Nyimbo mbili zikaja na ala zile zile, bila mwimbaji yeyote kumsikia mwenzake. Hapo swali linamhusu zaidi aliyeuza, na leseni aliyoitoa.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa, mwongozo umtake hakimu kwanza aondoe kwenye mizani vitu vya wote, yaani mdundo wa ngoma husika, kodi za kawaida za muziki (noti zinazopigwa kwa pamoja) na misemo ya kila siku, ndipo alinganishe kilichobaki: melodi, maneno na mpangilio wake, vikiwa vimeandikwa kwa noti na kuambatishwa kwenye hukumu. Shahidi mtaalamu ateuliwe na mahakama yenyewe, kwa mfano kutoka TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu mtaalamu anayelipwa na upande mmoja husikia kile alicholipwa asikie. Na mapema kabisa, kesi inapofunguliwa, pande zote ziamriwe kuhifadhi mafaili ya studio, yale yenye kila sauti kwenye mstari wake na tarehe iliporekodiwa, kwani prodyuza akibadilisha kompyuta ushahidi huo hupotea, na mdaiwa aliyetunga mwenyewe hubaki hana cha kujitetea nacho.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa kwaya, Morogoro