Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliopunguza Mwendo

Ndugu wanachama, wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Hesabu atazisoma mhazini. Suala la fulana zilizokwama kwa fundi mpaka tukakimbia na za mwaka juzi limo kwenye taarifa ya katibu, nami silirudii, maana bado linanipandisha presha. Nina jambo moja tu: mwaka huu chama chetu cha mbio kilipunguza mwendo, na wazo halikutoka kwenye kamati.

Mnakumbuka tulivyokuwa. Jumamosi alfajiri, tukishaingia tu Daraja la Tanzanite hapa Dar, kila mtu anataka kumwonyesha mwenzake kisogo. Lile daraja ni kilomita moja na ushei, na upepo wa bahari unakudanganya kwamba una nguvu. Januari nilikuwa kundi la mbele. Nikafika ufukwe wa Coco nimeshika magoti, jasho linadondoka kwenye lami kama bomba bovu. Baadaye akatokea mama yetu muuza samaki wa Feri, kanga kiunoni, anaongoza wimbo wa mchakamchaka na wenzake wanaitikia. Akaniuliza, "Mwenyekiti, mbona huongei leo?" Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Wiki iliyofuata kigimbi kikanikamata, nikakaa nje mwezi na nusu. Yeye hakukosa Jumamosi hata moja.

Ndipo tukapitisha utaratibu wa wimbo: asiyeweza kuitikia, apunguze. Ikibidi atembee, atembee.

Wengine waliona tunageuza chama kuwa kikundi cha wazee, kwa hiyo nieleze. Moyo ni msuli. Ukikimbia taratibu kwa muda mrefu, wiki baada ya wiki, chumba chake cha kushoto kinatanuka na kila pigo linasukuma damu nyingi zaidi. Kwenye misuli ya miguu, mishipa ile midogo kabisa inaongezeka, na mitokondria, yale majiko madogo ya kuchomea mafuta na sukari ndani ya seli, yanaongezeka pia. Matokeo yake kazi ileile inafanywa kwa mapigo machache. Mbio za kasi nazo zinajenga, sikatai, ila zinakuchosha upesi: unapata dakika chache, kisha siku tatu unashuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Mimi mwenyewe nilikuwa na mapigo 78 kwa dakika nikiamka asubuhi. Sasa nahesabu 66, kidole shingoni, kabla sijatoka kitandani.

Joto la hapa kwetu lina habari yake. Mwili ukipata moto, damu nyingi inapelekwa kwenye ngozi ili upoe, hivyo moyo unapiga haraka zaidi kwa mwendo uleule. Na unyevu wa Dar haulipi jasho nafasi ya kukauka. Ndiyo maana mwendo uliokuwa mwepesi Julai unakuwa mzito Februari. Si kwamba umerudi nyuma. Punguza tu.

Wenye saa za kupima mapigo, zitumieni kwa akili. Ile hesabu ya 220 ukatoa umri ni makadirio, inaweza kumkosea mtu kwa mapigo kumi na zaidi. Na wanaotumia vidonge vya presha wajue baadhi ya dawa hizo hushusha mapigo, saa ikakwambia uko salama kumbe umejichosha. Wimbo haudanganywi na kidonge. Maumivu ya kifua ni suala jingine kabisa: hapo unasimama, unasema, unapelekwa hospitali.

Vijana wananitajia Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni, Tokyo, Septemba 2025, saa 2:09:48. Fahari yetu sote. Lakini wakimbiaji wa kiwango chake nao kilomita zao nyingi za wiki huzikimbia kwa mwendo ambao kwao ni mwepesi. Tatizo ni kwamba mwepesi wao kwako wewe ni kufa na kupona. Atakaye kasi, milima ya Chuo Kikuu ipo, mara moja kila wiki mbili inamtosha.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Jumamosi yetu ni saa moja. Kwa hiyo kamati inapendekeza tuongeze Jumanne na Alhamisi, dakika 45 kila siku, mtaani kwenu, wawili wawili au watatu. Masika tutahamia njia za juu, kwani bonde la Jangwani likijaa maji halina mjadala. Hili mtalipigia kura leo.

Jumamosi ijayo tunakutana saa kumi na moja na nusu alfajiri, upande wa mjini wa daraja. Mama wa Feri ataongoza mbele. Mimi nitakuwa nyuma kabisa, na filimbi.