Meno ya difu yaandikwe kwenye risiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalowatia hasara wamiliki wa pikapu za dizeli katika ukanda wetu wa Tanga, hasa wale wanaopanda na kushuka kati ya Mombo na Lushoto, nalo ni kubadilisha difu, yaani gia za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, bila kujua idadi ya meno yake. Wauzaji wa spea zilizotumika huuza difu kwa jina la gari tu. Mteja anaambiwa kwamba hiyo ni ya Hilux, analipa, fundi anafunga, na gari linatembea. Kwamba difu mbili za Hilux, zenye umbo moja na matundu ya bolti yanayolingana, zinaweza kuwa na uwiano tofauti kabisa ni habari ambayo mnunuzi huipata akiwa njiani na mzigo wa watu.

Kwa msomaji asiyeshinda gereji, ndani ya difu kuna gia mbili zinazoshikana meno kwa meno: pinioni ndogo inayozungushwa na propela, ule mhimili mrefu unaotoka kwenye giaboksi, na krauni kubwa inayozungusha ekseli. Krauni ikiwa na meno 41 na pinioni meno 9, propela huzunguka mara 4.556 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ikiwa 41 kwa 10, mara 4.1, ikiwa 39 kwa 8, mara 4.875. Uwiano huu wote watatu umo katika difu za Toyota. Namba ikiwa kubwa, gari huvuta vizuri lakini injini hupiga mizunguko mingi. Ikiwa ndogo, gari hukimbia kwa injini iliyotulia, ila mlima hulishinda mapema.

Tuchukue pikapu yenye tairi za 205R16, ambazo kipenyo chake ni karibu milimita 735. Ikienda kilomita 80 kwa saa katika gia ya nne, ambayo katika giaboksi nyingi za aina hii haipunguzi wala kuongeza mwendo wa propela, injini itazunguka kama mara 2,630 kwa dakika kwa difu ya 4.556, na kama mara 2,370 kwa difu ya 4.1. Injini za dizeli za zamani zisizo na tabo, kama zile za Toyota ziitwazo 3L na 5L, hutoa nguvu yake kubwa ya kuvuta kwenye mizunguko ya karibu 2,400. Mwenye kazi ya kwenda Segera, Chalinze na Dar es Salaam akiwa na mzigo wa wastani ana sababu nzuri ya kuipenda hiyo 4.1, kwa kuwa safari nzima injini haipigi kelele, na mafuta hupungua kidogo. Simlaumu mtu huyo. Ninayemsema ni yule anayefungiwa difu hiyo hiyo bila kujua, kisha akapandisha saruji na mbolea hadi Lushoto, kutoka uwanda wa Mombo mpaka mwinuko wa takriban mita 1,400 kwa barabara ya kilomita 30 na ushei yenye kona zisizompa dereva nafasi ya kukusanya mwendo.

Mtu huyo, baada ya wiki chache za kupanda kwa gia ya pili mahali alipozoea ya tatu, hulaumu injini. Hapo ndipo fundi mwepesi wa mkono humshauri aongezewe mafuta kwenye pampu. Gari huchangamka kweli, moshi mweusi unatanda nyuma yake, na joto la ndani ya injini linapanda pale pale ambapo upepo wa kupoza rejeta ni mdogo kwa sababu gari linatambaa. Silinda hedi za injini hizi ndogo za dizeli zinajulikana kwa kupasuka zikichemshwa, na gharama yake inazidi mbali tofauti ya bei kati ya difu moja na nyingine. Pampu haikuwa na kosa.

Wengine wamejibadilishia uwiano bila kugusa difu kabisa, kwa kufunga tairi kubwa. Pikapu ile ile ya 4.556 ikivalishwa tairi za 265/75R16, ambazo kipenyo chake ni kama milimita 800, huvuta kana kwamba ina difu ya takriban 4.2. Mwenye gari la namna hiyo akitaka kurudisha nguvu ya awali, difu ya 4.875 humfikisha karibu na pale alipokuwa. Lakini mimi, kwa maoni yangu, wengi wanaokuja kuuliza difu ya nguvu kwa sababu ya tairi wangepata nafuu zaidi kwa kurudisha tairi za kiwandani, kwa kuwa tairi kubwa huongeza pia mzigo kwa beringi za magurudumu, usukani na breki, mambo ambayo difu haiyatibu.

Breki ndizo zinazonifanya niandike barua hii kwa ukali kidogo. Mboga na matunda ya Lushoto huteremka. Kwa hiyo gari hubeba mzigo wake mzito zaidi likiwa linashuka kupitia Soni kuelekea Mombo. Kadiri namba ya difu inavyokuwa ndogo ndivyo injini inavyopungukiwa uwezo wa kulizuia gari katika gia ile ile, na dereva aliyezoea kushuka kwa gia ya tatu bila kukanyaga sana hujikuta akikanyaga breki kona baada ya kona mpaka zinanuka. Kama anajua kwamba difu imebadilishwa, atashuka kwa gia ya pili. Kama hajui, atadhani breki zimechakaa, na huenda akalijua jambo hili kwa njia mbaya.

Pikapu zenye kuvuta kwa magurudumu yote manne zina shida yake ya pekee, nayo huisahau hata fundi mzoefu. Ukibadilisha difu ya nyuma, ya mbele lazima iwe na uwiano huo huo. Ya nyuma ikiwa 4.556 na ya mbele 4.1, ukiingiza fowili magurudumu ya mbele yanataka kwenda mita 111 wakati ya nyuma yanakwenda 100. Kwenye tope tairi zitateleza na kuficha ugomvi huo. Kwenye lami kavu hakuna pa kuteleza, na kinachokubali kwanza ni gia za kugawa nguvu, propela au ekseli za mbele. Asiye na fedha ya kubadilisha zote mbili asiiguse hata moja.

Kuhakiki uwiano hakuhitaji chombo cha gharama. Gari liwekwe mahali tambarare, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma, giaboksi iwe huru, breki ya mkono iachiwe, na gurudumu moja tu la nyuma liinuliwe kwa jeki na kuegemezwa kwenye stendi imara. Chora alama ya chaki kwenye propela, kisha mtu mmoja azungushe gurudumu lililoinuliwa mizunguko miwili kamili huku mwingine akihesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara nne na kuzidi nusu kidogo, ni 4.556, ikizunguka mara nne na sehemu ndogo tu, ni 4.1. Mizunguko ni miwili kwa sababu gurudumu la pili limesimama chini, na hapo lililoinuliwa huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krauni. Difu yenye loki, yaani inayoyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja, haipimwi hivi.

Katika kufunga, nasihi kwamba krauni na pinioni zisitenganishwe kamwe, maana husagwa pamoja kiwandani, na anayeoanisha krauni ya difu moja na pinioni ya nyingine ananunua mlio. Katika difu nyingi za Toyota za aina hii uchezaji kati ya meno huwekwa kati ya milimita 0.13 na 0.18, kipimo kisichoweza kupatikana kwa kutikisa kwa mkono. Ndiyo maana kwa fundi asiye na saa ya kupimia uchezaji huo ni salama zaidi kubadilisha difu nzima pamoja na nyumba yake, ambayo hutoka kwa mbele baada ya kuvuta ekseli mbili na kufungua propela, kuliko kubadilisha gia peke yake.

Kuna pia suala la mshale wa mwendo. Pikapu nyingi za zamani huupata mwendo kutoka kwenye mzunguko wa propela, siyo wa gurudumu. Aliyetoka 4.556 akaingia 4.1 bila kurekebisha, mshale wake ukisema 50 kijijini, gari liko 55 na ushei, na askari mwenye tochi hatasikiliza habari za pinioni.

Ombi langu kwa wenye maduka ya spea na gereji ni dogo: kila risiti ya difu iandikwe idadi ya meno ya krauni na ya pinioni, na kila gereji inayobadilisha difu iandike namba hizo kwenye kibandiko ndani ya mlango wa dereva, ili hata atakayelinunua gari baadaye ajue anaendesha nini. Difu ikiwa juu ya meza ya duka, krauni yake iko wazi, na kuyahesabu meno hayo hakuchukui muda mrefu kuliko kupatana bei. Mteja naye asilipe kabla ya kuhesabiwa mbele ya macho yake, na kama pikapu yake ina fowili, aende dukani akiwa tayari anajua meno ya difu ya mbele.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa magari,
Mombo, Tanga