Mashamba ya bangi: umbali wa futi 600 hautoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa leseni za kilimo cha bangi ya dawa, ambao umekuwa ukirudi mara kwa mara katika kanda yetu ya Afrika Mashariki tangu Rwanda ilipotoa kanuni zake mwaka 2021. Wachangiaji wengi huzungumzia kodi na fedha za kigeni. Mimi naishi katika bonde la Carpinteria, California, na langu ni swali la mahali: shamba litakaa wapi, na nani ana mamlaka ya kulikataa.

Wapiga kura wa jimbo hili waliihalalisha bangi ya starehe kwa watu wazima Novemba 2016, na biashara yenye leseni ikaanza Januari 1, 2018. Sheria ilitaka shamba au duka liwe angalau futi 600, yaani kama mita 183, kutoka shuleni au kituo cha kulelea watoto, lakini ikaziachia serikali za mitaa uwezo wa kupanga umbali mwingine, na hata wa kupiga marufuku kabisa. Miji mingi ilikataa. Kaunti yetu ya Santa Barbara ilikubali, na wakulima wakahamia katika vitalu nyumba vya maua ambavyo soko lake lilikuwa limechukuliwa na maua ya Colombia.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Vitalu hivyo vilijengwa kwa ajili ya waridi na jerbera, vikiwa na madirisha ya paa yanayofunguliwa ili joto litoke, na bangi inapochanua, harufu yake, iliyo kali kama ya kicheche, hutoka pamoja na joto hilo na kufuata upepo mbali kuliko futi 600. Kwa miaka kadhaa nimefunga madirisha jioni za kiangazi ili wanangu walale. Mwanzoni wakulima walipuliza mvuke wa mafuta ya mimea kuzunguka vitalu ili kuificha harufu, nasi tukawa tunavuta vyote viwili. Vichujio vya kaboni, vinavyoinasa harufu ingali ndani ya jengo, havikufanywa sharti hadi mwaka 2025, wakati mashamba yalikuwa yamekwisha kuwekeza na kuajiri, na kila badiliko likawa la kuvutana.

Kuna na mwanya mwingine. Jimbo liliahirisha leseni za mashamba makubwa hadi mwaka 2023 ili kuwalinda wakulima wadogo, lakini kanuni hazikuweka kikomo cha leseni ndogo ambazo mtu mmoja angeweza kushika, basi wenye mtaji wakazirundika.

Kwa hiyo, popote serikali za kwetu zitakapoamua kuruhusu kilimo hiki, naomba kibali cha matumizi ya ardhi kutoka halmashauri au kaunti kitangulie leseni ya taifa, na wakazi wasikilizwe kabla hakijatolewa. Vichujio vifungwe na kupimwa kabla ya mche wa kwanza kupandwa. Leseni iwe ya muda mfupi, na malalamiko ya majirani yawe sehemu ya uamuzi wa kuihuisha. Wakazi wa Naivasha, walioishi na vitalu vya maua kwa miongo mingi, wanajua ugumu wa kumdai jambo jipya mwajiri ambaye mtaa mzima unamtegemea.

Msomaji wenu,
Carpinteria, California