Wazazi wa Kentucky, bajeti ya Frankfort inatuhusu

Mheshimiwa Mhariri,

Kila Frankfort, makao makuu ya jimbo letu lilipo Bunge lake, inapotajwa mbele yetu wazazi wa Louisville tunaozungumza Kiswahili, iwe baada ya misa au kwenye matanga, jibu huwa lile lile: sisi ni wageni, mambo ya Bunge tuwaachie wenye nchi. Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wazazi wenzangu, kwa sababu Januari 2026 Bunge la Jimbo la Kentucky linaanza kikao cha bajeti, na bajeti hiyo itaamua fedha za shule za watoto wetu kwa miaka miwili mizima.

Kuna namba moja ambayo ningependa kila mzazi aijue kama anavyoijua kodi ya nyumba yake. Jimbo linagawa fedha za shule kwa utaratibu unaoitwa SEEK. Kwa mwaka wa masomo wa 2025-26, kiwango cha msingi ni dola 4,586 kwa kila mwanafunzi. Juu yake huwekwa nyongeza kwa watoto wenye mahitaji zaidi: wenye ulemavu, wanaotoka katika familia zenye kipato kidogo, na wale ambao bado wanajifunza Kiingereza. Nyongeza ya hawa wa mwisho ni asilimia 9.6 ya kiwango cha msingi. Piga hesabu, utapata dola 440 kwa mtoto kwa mwaka. Ukizigawa kwa siku 170 za masomo zinazotakiwa na sheria, hazifiki dola 3 kwa siku. Najua wilaya za shule huongeza fedha zao na serikali kuu nayo hutoa kidogo. Lakini jimbo, ambalo katiba yake ndiyo inayolibebesha mzigo wa elimu, linaona dola 440 zinatosha kumfundishia Kiingereza mtoto wa miaka 14 aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, aliyesoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza, na anayetakiwa wakati huo huo ajue aljebra na historia ya Marekani ili amalize sekondari pamoja na wenzake.

Katika shule moja ninayoijua, mwalimu wa watoto hawa anahama darasa hadi darasa kutwa nzima, akimpa kila mtoto dakika chache. Anajituma kweli kweli. Ila hawezi kujigawa.

Bunge lina wawakilishi 100 na maseneta 38. Sidhani wana nia mbaya na watoto wetu. Wengi wao wanatoka kaunti ambazo mwanafunzi wa namna hii ni mmoja mmoja, na hawajawahi kukaa na mzazi wake wakamsikia. Walimu wanapokwenda kuzungumza, huambiwa wanatetea mishahara yao. Mzazi hawezi kuambiwa hivyo. Ndiyo maana nasema jambo hili ni letu, na tukinyamaza hakuna atakayelisema kwa niaba yetu.

Anayedhani wazazi hawana uwezo mbele ya Bunge hajui historia ya jimbo analoishi. Kentucky ilikuwa miongoni mwa majimbo ya mkiani kwa elimu. Mwaka 1984, jioni moja ya Novemba, maelfu ya wazazi na wananchi walikusanyika katika shule za jimbo zima kuzungumzia watoto wao, kwa mwito wa kamati ya raia inayojulikana mpaka leo kama Prichard Committee. Wilaya 66 za shule, nyingi za kimaskini, nazo zikaenda mahakamani, zikitetewa na gavana wa zamani, Bert Combs. Juni 1989 Mahakama Kuu ya jimbo ikatamka kwamba mfumo wote wa shule za umma unakiuka katiba, maana ibara ya 183 inaliagiza Bunge kuweka mfumo bora wa shule kwa jimbo zima. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria mpya ya elimu na kupandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 5 hadi 6 ili kuigharamia. Mabaraza ya shule, ambamo wazazi wawili huketi na walimu watatu na mkuu wa shule, yalizaliwa na sheria hiyo.

Hata juzi tumeona. Novemba 2024 Bunge lilitaka wananchi wabadilishe katiba ili fedha za umma ziweze kupelekwa kwenye shule za binafsi. Asilimia kama 65 ya wapiga kura walikataa, na walikataa katika kaunti zote 120. Siku hiyo hiyo, jimbo hilo hilo lilimpa Donald Trump ushindi wa karibu asilimia 65. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba kutetea shule ya umma ni kujiingiza katika siasa za chama fulani.

Ninao ndugu wa imani ambao jambo hilo liliwauma. Kule nyumbani shule za misheni ndizo zilizotulea, na wangependa vocha ya serikali iwasaidie kulipa karo. Nawaheshimu. Ila nawaomba wafikirie jambo hili: shule ya binafsi huchagua mwanafunzi. Hakuna sheria ya jimbo inayoilazimisha kumpokea mtoto asiyejua Kiingereza, au kumletea basi. Shule ya umma inalazimika, na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Lau, mwaka 1974, inalazimika pia kumsaidia aelewe anachofundishwa. Shule ya umma ikidhoofika, mtoto wa mgeni ndiye wa kwanza kuumia.

Na hapa nataka kusema na waliotoka Kongo hasa. Kwa miaka mingi, mpaka serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019, mzazi wa Kivu ndiye aliyemlipa mwalimu malipo ya motisha. Vita vilipopita, kamati za wazazi ndizo zilizotafuta mabati na kufungua madarasa tena. Kambini nako wazazi walisimamia shule. Watu waliobeba shule mabegani namna hiyo hawawezi kukaa Louisville na kusema hawajui chochote kuhusu elimu. Mbunge wa Kentucky angejifunza mengi kwao katika dakika tatu.

Kuhusu kura, tuwe waangalifu. Asiye raia asijiandikishe kupiga kura hata akishawishiwa na nani. Anaweza kupoteza haki ya kuishi hapa. Lakini mkimbizi huweza kuomba uraia baada ya miaka mitano, na wengi waliofika 2015 na 2016 tayari ni raia ambao hawajajiandikisha. Hao wajiandikishe. Wasio raia wanaweza kumpigia simu mwakilishi wao, kumwandikia, kuingia katika vikao vya kamati, ambavyo viko wazi kwa umma, na kuomba nafasi ya kusema. Mzazi asiyejua Kiingereza aende na mkalimani mtu mzima. Nasisitiza mtu mzima: tusiwabebeshe watoto kazi ya kututafsiria mambo yao wenyewe. Hata kiti cha mzazi katika baraza la shule hujazwa na wazazi wa shule hiyo, si na wapiga kura wa kaunti. Kweli, mwaka 2022 Bunge liliyapunguzia mabaraza hayo nguvu, kwa mfano uteuzi wa mkuu wa shule ukahamishiwa kwa msimamizi wa wilaya. Bado ni mahali pa kujifunza jinsi fedha za shule zinavyotembea.

Ninachopendekeza tuombe ni kimoja, kifupi, ili mbunge asiweze kukikwepa: asilimia ile 9.6 ipandishwe. Tukienda na maombi kumi tutarudi na ahadi kumi.

Kikao kitakuwa cha siku 60 na lazima kiishe kabla ya tarehe 15 Aprili kupita. Kutoka Louisville hadi Frankfort ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na makanisa yetu yana mabasi. Kwako, Mhariri, nina ombi: chapisha kwa Kiswahili jinsi mzazi anavyoweza kumjua mwakilishi na seneta wa mtaa wake, na kila wiki ya kikao utuwekee siku ambazo kamati za elimu na za bajeti zinakutana. Ratiba hizo hutolewa kwa Kiingereza peke yake, na wengi wetu huzipata zimekwisha kupita.

Mama wa wanafunzi wa shule za umma,
Louisville, Kentucky