Hakimu mmoja kwa mahakama mbili: Tanga tuongezewe

Ndugu Mhariri,

Kila Rais anapoapisha majaji wapya, magazeti huandika kwamba mlundikano wa mashauri sasa utapungua. Sina ugomvi na habari hiyo. Mkoa wetu, kuanzia Mkinga hadi Kilindi, unaitegemea Mahakama Kuu iliyopo hapa jijini, na sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya watu milioni 2.6. Jaji akiongezwa tutashukuru. Ila foleni ninayoiona mimi kila siku haiko kwa jaji. Iko kwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo.

Nina steshenari Ngamiani, jirani na mojawapo ya mahakama hizo. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za wadhamini. Ikigonga saa tatu asubuhi nimeshajua siku itakwendaje. Nikiona watu wanatawanyika mapema, basi karani ametoka na majalada yake, amesoma majina na kugawa tarehe nyingine: mheshimiwa ana udhuru. Pengine yuko semina, pengine likizo, na mara nyingi yuko mahakama nyingine, maana zote mbili anazihudumia peke yake. Simlaumu. Hata akiwepo, ushahidi anauandika kwa mkono wake mwenyewe, na shahidi wa Tanga akianza kusimulia huwa hafupishi.

Kibiashara mimi sipati hasara. Kesi ikipigwa kalenda watu hurudi, na kopi zinaongezeka. Lakini kuna mteja wangu mmoja, mvuvi wa pale Deep Sea, ambaye shauri lake limenichosha hata mimi nisiyehusika.

Aliuza mashine ya boti kwa makubaliano ya kulipwa kwa awamu. Mnunuzi akatoa awamu ya kwanza, akanyamaza. Mashahidi wa mauzo ni wavuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu ndipo chombo hupumzika na watu wakapatikana nchi kavu. Kwa hiyo akamwomba karani ampangie tarehe ya mbalamwezi. Karani alicheka, kisha akamwelewa, akampa. Siku ikafika, mashahidi wamekuja na mashati ya pasi, wameketi kwenye benchi tangu saa mbili. Hakimu ana udhuru. Tarehe iliyofuata ikaangukia kwenye giza, hakuna shahidi. Iliyofuata tena, mmoja kaenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali na nyumbani, huko Kilwa. Mambo yalipokaribia kukaa sawa hakimu akahamishwa, na aliyekuja ikabidi alisome jalada kutoka ukurasa wa kwanza. Mashine muda wote huo iko baharini, inamvulia mdaiwa.

Wenyewe tunajisifu kwamba Tanga waja leo waondoka leo. Mahakamani waja leo, warudi mwezi ujao.

Mzigo huu una sababu zake. Wengi wetu hapa ni Waislamu, na mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au mila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Sheikh atakupigia hesabu ya mafungu vizuri kabisa, thumuni ya mjane na vyote vinavyofuata, lakini mamlaka ya kuteua msimamizi wa mirathi hana. Benki wanataka fomu ya mahakama. Basi mjane anakuja dukani kwangu na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, natoa kopi, anakwenda kujiunga na foleni ile ile ya mvuvi wangu, ya waliotukanana, na ya kijana aliyekamatwa na kuku wa jirani. Ada ya shule ya watoto wa marehemu nayo inasubiri humo humo.

Tena mwaka 2016 sheria ilibadilishwa, kiwango cha madai kikapandishwa sana. Sasa mahakama hizi zinaweza kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 50 kwa mali isiyohamishika na milioni 30 kwa mali inayohamishika. Ni jambo jema, limemwondolea mtu wa kawaida safari ya mahakama za juu. Ila kazi ikiongezwa na mtendaji akabaki yule yule, mwananchi amesaidiwa nini?

Jaji huteuliwa na Rais. Hakimu huteuliwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, kwa hiyo ombi langu linakwenda kwao. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kipo mkoani humu humu, Lushoto, na vijana wenye shahada ya sheria ninawachapia barua za kuomba kazi kila wiki, wengine kazi zisizohusiana na sheria hata kidogo. Mahakama ya Mwanzo yenye watu wengi ipewe mahakimu wawili, ili mmoja akiwa semina mwenzake aendelee kusikiliza. Nitaambiwa vyumba hakuna. Hicho kimoja ninachokitazama kutoka dukani kwangu, aghalabu baada ya saa saba mchana mlango wake umefungwa. Mmoja akae asubuhi, mwingine mchana.

Na wakati tukisubiri hilo, kuna jambo lisilohitaji bajeti. Hakimu akijua jana yake kwamba kesho hatakuwepo, karani awatumie wadaawa meseji. Namba zao za simu ziko kwenye majalada, nyingine nimezichapa mimi mwenyewe. Mtu wa Chongoleani asilipe nauli yake na ya mashahidi kuja kupewa tarehe ambayo angeweza kuisoma kwenye simu.

Mwenye steshenari,
Ngamiani, Tanga