Picha saba za viwanda, na mtu hayumo

Mhariri,

Nimezitazama mara mbili picha za viwanda vya iliyokuwa Ujerumani Mashariki mlizochapisha toleo lililopita. Ni nzuri, na uzuri huo ndio unaonitia wasiwasi. Vioo vilivyovunjika, mti ulioota katikati ya karakana, kutu, mwanga wa jioni ukipenya paani. Picha saba, mtu hayumo hata mmoja. Chini yake mmeandika "Baada ya ujamaa", basi. Mji gani, mwaka gani, palitengenezwa nini, hamkusema.

Nimekula kwa kupiga na kusafisha picha zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo najua gofu lilivyo rahisi kupigwa. Halitikisiki, halifumbi macho, halikudai nakala. Ila halikuambii lilichakaa lini. Helga Paris, mpiga picha wa Ujerumani Mashariki, alipiga mitaa ya mji wa Halle kati ya 1983 na 1985, nyumba za zamani zikianguka huku serikali ikijenga maghorofa mapya kwingine. Maonyesho yake yakapigwa marufuku mwaka 1986. Uchakavu ule, basi, ulikuwepo ujamaa ukiwa bado madarakani, na wakubwa waliuona vizuri. Ukizibandika picha zile maneno yenu mawili matatu, msomaji ataamini kila ufa ulianza Ukuta wa Berlin ulipoanguka.

Kilichofuata baada ya hapo kilikuwa kitu kingine, na kilikuja mbio. Tarehe 1 Julai 1990 sarafu ya Ujerumani Magharibi ilianza kutumika mashariki, na mishahara ikahamishiwa humo marka kwa marka. Ghafla bidhaa za viwanda vile zikawa ghali mno kwa wateja wao wa Ulaya Mashariki, na wenyeji nao walitaka vya magharibi. Treuhand, shirika lililokabidhiwa mali za serikali ya mashariki, lilirithi kampuni zipatazo 8,500 zenye wafanyakazi karibu milioni 4, liuze au lifunge. Trabant ya mwisho, lile gari dogo la mashariki, ilitoka kiwandani Zwickau Aprili 1991. Mwisho wa 1994 Treuhand yenyewe ikafungwa.

Kwa sisi watu wa kamera, panapouma zaidi ni mji wa Wolfen. Huko ndiko ilikotengenezwa filamu ya ORWO, iliyojaa kwenye kamera za nchi ile. Wafanyakazi walikuwa karibu 15,000, wengi wanawake, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa gizani kwa kuwa filamu haitaki mwanga. Kiwanda hicho nacho hakikuvuka miaka ya 1990. Wapiga picha walikuwa wakirekodi kufa kwa viwanda huku kiwanda cha filamu yao kikifa vilevile. Sasa ukuta uliobomoka utanieleza nini kuhusu vidole vilivyojua kukata mkanda bila kuuona?

Mngetaka mfano wa namna nyingine ya kufanya kazi hii, yupo mpiga picha mwingine wa mashariki, Christian Borchert. Miaka ya 1980 alipiga familia zikiwa sebuleni kwao, zimejipanga mbele ya kamera, na maelezo yake ni mafupi: familia, kazi za wazazi, mji, mwaka. Miaka ya 1990 akarudi kwa baadhi ya familia hizo. Hakuna moshi wala kutu. Kuna kochi, watoto waliorefuka, nyuso. Lakini ukiziweka picha mbili ubavu kwa ubavu, unajikuta unatafuta kwanza ile kazi: bado wanayo? Mimi humtukuza huyu kuliko wapiga magofu wote, na najua wenzangu wa studio watanibishia.

Kuna wengine waliopotea kabisa katika picha zenu. Viwanda na migodi ile iliajiri Wamsumbiji kwa mikataba kuanzia 1979. Kwa miaka yote walifika takribani 20,000, na sehemu ya mishahara yao ilikatwa kwa ahadi kwamba wangeilipwa nyumbani. Kazi zilipokufa, wao walikuwa wa kwanza kutolewa. Katika mji wa Hoyerswerda, Septemba 1991, makundi ya watu yalishambulia bweni lao, na walioondolewa mjini walikuwa wao, si washambuliaji. Walirudi Maputo, wakaitwa Madgermanes, yaani wale waliotoka Ujerumani, na kwa miongo kadhaa wameandamana mitaani wakidai makato yao. Maandamano hayo nayo ni picha ya kiwanda kilichofungwa, hata kama yapo bara jingine.

Sisemi msichapishe magofu. Naomba toleo lijalo mtaje angalau picha ya tatu, ile yenye makabati ya chuma yaliyoachwa wazi, ilipigwa wapi na mwaka gani. Kwenye mlango wa kabati la pili kutoka kushoto kuna karatasi imebandikwa, inaonekana kama jina la mtu. Mwenye negativu aikuze tulisome.

Ndimi,
Mpiga picha mstaafu